Kifungio, Kibanio na Pini

Kwenye vibanda vya fotokopi mjini Lodwar, neno "pini" limebebeshwa kazi nyingi mno. Ni sindano ndogo yenye kichwa inayochomwa kwa mkono, ni waya wa stepla, na wapo wanaoita hata klipu kwa jina hilo hilo. Ukifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, majina yanazidi. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1992, imekusanya Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine, na aliyesoma kwa Kifaransa huomba agrafeuse pale mwenzake anapoomba stepla. Wanaokutana katika Kiswahili huku kila mmoja ameshika fomu yake wanahitaji majina yasiyogongana.

Kwa jina la jumla napendekeza kifungio cha karatasi. Ndani yake tutenge makundi mawili kwa kuangalia jambo moja tu: je, karatasi inatobolewa? Kisichotoboa kiitwe kibanio, kwa kuwa hushika kwa kubana. Humo mna klipu ya waya, ambayo hushika kwa sababu waya uliopanuliwa hutaka kurudi ulivyokuwa, na kile kibanio cheusi chenye masikio mawili ambacho Mmarekani Louis Baltzley alikibuni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kinachotoboa kibaki pini, nayo pini ya stepla itajwe kwa jina lake kamili.

Tofauti hii ina uzito kwa mwenye cheti. Cheti cha mtihani wa sekondari, au karatasi ya usajili ambayo wakimbizi huiita manifesti, hupita ofisi nyingi, na kila ofisi ikiichoma pini pembeni, pembe huishia kuchanika. Nakala na ichomwe. Karatasi asili ipewe kibanio au mfuko wa plastiki. Karani akisema "bana" badala ya "piga pini", mwenye karatasi atajua cheti chake kiko salama.

Kuna kitenzi kingine tulichokiacha kwa mafundi cherehani: kushikiza, yaani kushona kwa mishono mirefu itakayofumuliwa baadaye. Stepla nyingi zinaweza kufanya hivyo hasa. Tazama kibati chenye vijishimo kilicho chini ya mdomo wake. Kikiwa katika mkao wa kawaida, miguu ya pini hujikunja ndani, ikitazamana. Kisukume na ukizungushe nusu duara, miguu itajikunja nje, na pini hiyo itachomoka kwa kuvutwa taratibu bila kurarua karatasi. Huko ndiko kushikiza karatasi, na kwa fomu ambazo bado zitaongezewa viambatisho ndiko kunakofaa.

Namba iliyo kwenye kisanduku cha pini nayo ina maana. Katika 24/6, ya kwanza ni unene wa waya, na kadiri inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa, hivyo 26/6 ni nyembamba zaidi. Ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita. Mguu wa milimita 6 hutosha karatasi ishirini hivi. Bunda nene likilazimishwa, pini hujipinda juu juu, na hapo ni heri kutoboa matundu mawili na kupitisha uzi wa faili.

Hali ya hewa pia huchagua. Lamu na Mombasa, unyevu wa bahari hutia pini kutu na karatasi hubaki na doa la kahawia. Lodwar na Kakuma ni kukavu, kutu si tatizo kubwa. Adui ni joto, linalouozesha mpira wa kufungia noti na karatasi hadi ukakatika au ukagandia karatasi yenyewe. Kwa faili litakalokaa miaka, mpira usitumike kabisa.

Na pasipo na chuma chochote, kunja pembe ya juu ya karatasi zote pamoja, chana mipasuko miwili midogo kwenye mkunjo, kisha rudisha nyuma kijilimi kilichobaki katikati. Kurasa tatu au nne zitashikana mpaka ufike dirisha la ofisi.