Antene kubwa na antene ndogo: historia ya namna zilivyojifunza kuachiana nafasi

Wasikilizaji wengi wa radio yetu, zaidi familia zilizohama vijiji vyao, wanatuuliza: kwa nini simu inaonyesha rezo imejaa, lakini ukimpigia ndugu sauti inakatika-katika? Kwa mtu anayetafuta habari za mtoto aliyepotezana naye njiani, swali hilo si dogo. Sehemu ya jibu iko katika historia ya antene zenyewe.

Mwaka 1946, katika mji wa St. Louis, Marekani, watu walianza kupiga simu wakiwa ndani ya gari. Antene moja yenye nguvu ilihudumia mji mzima. Lakini njia za mawimbi zilikuwa chache, na mtu mmoja akishika njia, hakuna mwingine mjini aliyeweza kuitumia mpaka amalize.

Desemba 1947, Douglas Ring, mhandisi wa Bell Labs, aliandika wazo jipya. Mji ugawanywe vipande kama masega ya nyuki. Kila kipande kipate antene yake yenye nguvu kidogo. Njia ya mawimbi inayotumika hapa itumike tena kule mbali kidogo, bila kugombana. Ni kama radio mbili za FM: zikiwa mji mmoja kwenye namba moja, zinachanganyana, moja ikiwa mbali sana, kila moja inasikika vizuri kwake.

Wazo hilo lilingoja miaka mingi. Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya mkononi barabarani New York. Huduma yenyewe ilifunguliwa Tokyo mwaka 1979, na Chicago mwaka 1983. Inchi yetu haikuchelewa sana: bado ikiitwa Zaire, miaka ya 1980, Miko Rwayitare alianzisha Telecel mjini Kinshasa. Wakati huo simu ilikuwa ya wakubwa na matajiri.

Watu walipoongezeka, kampuni zilikata vipande vidogo zaidi. Kisha zikaweka antene ndogo ndani ya eneo la antene kubwa: sokoni, kwenye majengo, hata nyumbani. Karibu mwaka 2008, antene za nyumbani zilianza kuuzwa Marekani. Hapo ugomvi ukazuka, kwa sababu kubwa na ndogo zilitumia mawimbi yaleyale.

Ugomvi huo una pande mbili. Kwanza, mtu anayezungumza na antene ndogo anafunikwa na sauti ya ile kubwa, kama mtu anayenong'ona karibu na kipaza sauti cha kanisa. Pili, mtu aliye mbali na antene kubwa, simu yake inapaza sauti ili isikike kule. Akipita karibu na antene ndogo, makelele ya simu yake yanawasumbua wanaohudumiwa pale.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuzipa antene hizo mawimbi tofauti. Lakini mawimbi ni machache na leseni zake ni ghali. Dawa ya pili: antene ndogo isikilize kwanza jirani zake, kisha ipime nguvu yake. Ilipokuja 4G, antene zikaanza pia kupeana habari: mimi natumia sehemu hii, wewe tumia ile.

Mwaka 2011, shirika la 3GPP, linalopanga kanuni za simu duniani, lilikamilisha toleo la kumi la kanuni zake. Humo antene kubwa inaruhusiwa kunyamaza kwa vipindi vifupi vya milisekunde moja moja. Haizimi kabisa, inabakiza alama chache tu ili simu zijue ipo. Katika vipindi hivyo, antene ndogo inazungumza na watu wake wa pembeni. Ila mpango huo una gharama. Saa za antene zote lazima zilingane, na kila kipindi cha kunyamaza kinawapunguzia muda watu wa antene kubwa. Kwa hiyo lazima kuhesabu kila upande una watu wangapi.

Hesabu hiyo ndiyo inayotuhusu sisi. Antene hupangwa kufuatana na wakaaji waliokuwepo. Vita ikileta maelfu ya watu mahali pamoja kwa siku chache, hesabu ya zamani haifai tena.

Basi jueni: vijiti vya rezo vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu. Havionyeshi kama mawimbi ni safi, wala kama nafasi ipo. Sauti ikikatika-katika, sogea hatua kadhaa au zunguka upande wa pili wa nyumba, kwani ukuta unaweza kukukinga na antene inayosumbua. Simu ikikataa kabisa kuita, labda watu ni wengi. Tuma ujumbe mfupi, au piga usiku. Na vijiti vikipotea kwa wote mara moja, huenda antene imekosa umeme au mafuta.

Kamati za wahami ziandike mahali, saa, idadi ya familia, na kama ni sauti au ujumbe unaoshindikana. Zipeleke karatasi hiyo kwa kampuni na kwa mamlaka inayosimamia simu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kwa jina la ARPTC. Fundi akijua watu wamehamia wapi, anaweza kupanga upya. Asipoambiwa, anapanga kwa kijiji ambacho hakina watu tena.