Jina kwa Mashine, Maana kwa Mtu: Kiswahili na Majina ya Mipangilio ya Kompyuta

Historia ya istilahi za Kiswahili ina uhusiano wa karibu na mji huu wa Arusha. Mwaka 1967, Azimio la Arusha liliyafanya maneno "ujamaa" na "kujitegemea" kuwa istilahi za siasa ya nchi; mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Wananchi walitakiwa kutekeleza jambo, na jambo hilo lilitajwa kwa lugha waliyoielewa.

Kompyuta imeleta jaribio jipya. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Menyu hutafsirika kwa kuwa msomaji wake ni mtu peke yake. Majina ya mipangilio, yaani maneno yanayoandikwa katika faili ili kuielekeza programu, yana wasomaji wawili: mtu na mashine. Mashine hulitambua jina kwa herufi zake tu. Ukilitafsiri, programu italikataa.

Tuchukue mfano wa Apache, programu ya seva za tovuti iliyoanza kutolewa mwaka 1995. Mmojawapo wa mipangilio yake huitwa KeepAliveTimeout. Yaweza kudhaniwa kuwa ugumu wa jina hili ni urefu wake. La hasha! Mswahili hutamka "hawakuzisoma" bila kusita, ingawa neno hilo limebeba kanusho, nafsi, wakati, yambwa, mzizi na kiishio, kwa sababu kila kiungo kina mahali pake. Katika KeepAliveTimeout maneno yamerundikwa pasipo kuonyesha uhusiano wake, wala kipimo hakikutajwa. Kiswahili hudai uhusiano huo utajwe: "muda wa kungoja ombi linalofuata, kwa sekunde".

Waundaji wa Apache wenyewe walilazimika kusahihisha. Mpangilio ulioitwa MaxClients uliweka kikomo cha maombi yanayohudumiwa kwa wakati mmoja, si cha wateja. Katika toleo la 2.4, mwaka 2012, uliitwa MaxRequestWorkers, na jina la zamani likaendelea kukubaliwa ili faili zilizokwisha kuandikwa zisiharibike.

Kwa hiyo, mwongozo wa Kiswahili hauna budi kuliacha jina la mashine kama lilivyo, kwa hati ya pekee, na kuliandamanisha na jina moja la Kiswahili lisilobadilika ukurasa hadi ukurasa, kipimo chake, na matokeo ya kukiongeza au kukipunguza kiasi kilichowekwa. Kijana anayetunza seva ya hospitali mjini Arusha, au ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa katika miteremko ya Meru, akinakili tu herufi asizozielewa, ataweza kuiwasha mashine. Siku itakapokwama, itambidi amngoje mgeni. Huko si kujitegemea.