Safari ya baiskeli kandokando ya Mto Tana: Maji ndiyo yapangayo siku

MTU anayeitazama ramani ya Kenya akiwa na nia ya kusafiri kwa baiskeli kutoka Malindi hadi Garissa aweza kudhani kwamba amepata njia nyepesi. Hakuna mlima wa kupanda. Nchi ni tambarare tangu pwani, na kuanzia Garsen barabara yafuata bonde la Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, ambao husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini.

Wepesi huo ni wa kwenye karatasi. Barabara haipiti ukingoni mwa mto bali upande wake wa magharibi, na katika sehemu nyingi msafiri haoni maji ila vichaka vikavu na mchanga. Aidha, anapoufikia mto hukuta maji ya tope yenye mamba na viboko. Kwa sababu hiyo, kundi linalosafiri kwa baiskeli katika Kaunti ya Tana River halipangi siku yake kwa kilomita. Huipanga kwa maji: yatapatikana wapi, ni ya nani, na yataombwa vipi.

Makala haya yanaeleza jinsi siku ya msafara wa namna hiyo inavyokwenda, tangu alfajiri hadi usiku, na mambo ambayo kundi lapaswa kuyafahamu kabla ya kuondoka.

Hesabu ya kwanza

Kutoka Malindi hadi Garsen ni takriban kilomita 110, na safari yote hadi Garissa kupitia Hola hufikia kiasi cha kilomita 350. Kundi lenye mizigo, likienda kwa mwendo wa wastani, humaliza kilomita 60 hadi 80 kwa siku. Hivyo safari nzima huchukua siku sita au saba, ikiwamo siku ya mapumziko.

Katika joto ambalo mara kwa mara hupita nyuzi 30 mchana, mwendeshaji mmoja hunywa nusu lita hadi lita moja kila saa. Ukiongeza maji ya kupikia na ya kunawa, mtu mmoja huhitaji lita nane au zaidi kwa siku. Kundi la watu kumi basi lataka lita 80, na kwa kuwa lita moja ina uzito wa kilo moja, hizo ni kilo 80 juu ya magurudumu. Hakuna kundi lisilo na gari linaloweza kubeba maji ya siku mbili pamoja na mahema, vyombo na chakula. Ni lazima maji yapatikane njiani, kila siku.

Hapo ndipo misafara midogo inapotofautiana na ile mikubwa. Safari ya Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka wa 2003 na ambayo huwatoa waendeshaji Cairo hadi Cape Town, kiasi cha kilomita 12,000 kwa takriban miezi minne, huandamana na malori ya kubeba mizigo, maji na jiko. Waendeshaji wake, ambao nchini Kenya wamekuwa wakipitia Moyale, Marsabit, Nairobi na Namanga, hupikiwa na kuelezwa kila jioni njia ya kesho. Kundi la marafiki wanaotoka Malindi kwa nguvu zao halina lori. Kila kazi ya lori hugawiwa watu.

Alfajiri hadi adhuhuri

Siku huanza yapata saa kumi na nusu alfajiri. Mahema hukunjwa gizani, chai hupikwa, na kila mmoja hujaza chupa zake kutoka kwenye madumu ya kundi huku mgawaji akihesabu. Kabla ya kuondoka, magurudumu hukaguliwa kwa mkono. Ukaguzi huu ni wa lazima kwa sababu ya mathenge, mti wa miiba ulioletwa nchini kutoka ng'ambo na ambao ulipandwa sehemu za Tana River katika miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kuzuia jangwa. Tangu hapo umeenea kupita kiasi, na mwiba wake hutoboa tairi hadi tyubu. Kundi lisilo na viraka, gundi na pampu za kutosha halitafika mbali.

Msafara huanza mwendo mara tu kunapopambazuka. Anayejua njia hutangulia, na mwingine mwenye subira na ujuzi wa kutengeneza baiskeli hufunga msafara. Sheria ya mfunga msafara ni moja tu: hampiti mtu yeyote. Akisimama mmoja kwa pancha, naye husimama. Mwendo wa kundi basi huwa ni ule wa aliye mnyonge zaidi, na wenye miguu mepesi hawana budi kuukubali, kwa maana kundi lililokatika vipande viwili hukatika pia maji yake, moja likabaki na madumu na jingine na kiu.

Kutoka Malindi njia huvuka Mto Sabaki, ikapita Mambrui na Gongoni, kisha maeneo ya mashamba ya chumvi hadi Marereni. Baada ya hapo vijiji huwa haba. Anayesafiri majira ya kusi, kati ya Mei na Septemba, hupata upepo mgongoni akielekea kaskazini, kama mabaharia wa majahazi walivyoupata. Anayesafiri wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huupokea upepo usoni, tena katika miezi ya ukame. Kwa mizigo ile ile na njia ile ile, siku ya kaskazi hudai maji mengi zaidi.

Ifikapo saa tano asubuhi kundi lenye busara hutafuta kivuli. Kuendesha saa sita mchana katika nchi hii hakuongezi kilomita, huongeza wagonjwa. Mwembe ukipatikana, au hoteli ndogo ya kando ya barabara yenye chai ya maziwa na wali, hapo ndipo pa kukaa hadi saa tisa. Huu ndio wakati wa kula, kulala, kuziba tyubu na kuangaliana. Mtu aliyeacha kutokwa na jasho, anayelalamika kichwa au anayejibu maneno yasiyo na mpango, haendelei na safari siku hiyo. Dawa ya kwanza kwa aliyepungukiwa maji mwilini ni ile iliyo rahisi kuandaliwa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe polepole.

Maji yana wenyewe

Karibu na Minjila, njia panda iliyo jirani na mji wa Garsen, nchi hubadilika. Kijani huanza kuonekana na dalili za mto huwa karibu. Hapa ndipo mgeni anapokosea, akidhani kwamba palipo na mto hapana haja ya kuomba.

Wapokomo hulima kandokando ya mto mpunga, mahindi, ndizi na maembe, wakitegemea rutuba inayoachwa na mafuriko. Waorma na Wawardei ni wafugaji, ambao mifugo yao hukaa mbali na mto wakati wa mvua na kuurudia ukame ukizidi. Njia ambazo ng'ombe hupitia kati ya mashamba hadi majini huitwa malka. Malka ikizibwa kwa shamba, au ng'ombe wakiiacha na kuingia kwenye mazao, ugomvi huzuka. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema mwaka wa 2013, mashambulizi katika eneo la delta yaliua watu zaidi ya 100. Siasa za uchaguzi zilichangia, lakini ardhi, malisho na njia ya kuyafikia maji ndiyo yaliyokuwa mafuta ya moto huo.

Msafiri wa baiskeli hana sehemu katika mzozo huo, lakini anywapo maji ya kijiji huingia katika mpangilio ambao watu wameutolea jasho, na wengine damu. Kila lita inayoingia katika chupa ya mgeni imepungua kwenye mtungi wa mtu. Kundi la watu kumi likifika kwenye kisima au bomba wakati wa ukame na kujaza madumu manne, humaliza fungu la familia kadhaa.

Kwa hiyo desturi njema ni hizi. Mmoja au wawili hutangulia kwa miguu, huwaamkia wazee, hueleza wanakotoka na waendako, kisha huuliza nani msimamizi wa maji. Wengine hungoja mbali. Foleni hufuatwa, na wageni hukaa nyuma ya kina mama waliotangulia. Bei ya dumu hulipwa bila kubishana. Baiskeli haioshwi kwa maji ya kunywa hata kama imejaa tope. Na kundi la ng'ombe likivuka barabara kuelekea malka, waendeshaji hushuka, hunyamaza na kungoja hadi mnyama wa mwisho apite. Kengele hushtua mifugo na humkasirisha mchungaji.

Maji yenyewe hayanyweki yalivyo. Yale ya mtoni huachwa yatulie, huchujwa kwa kitambaa, kisha huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Kuoga mtoni ni kuwakaribia mamba. Kuoga katika mifereji ya umwagiliaji ya Hola na Bura, ambako hakuonekani hatari, ni kujitafutia kichocho. Ndoo na kikombe nyuma ya hema vyatosha.

Jioni na usiku

Saa kumi na moja jioni haipaswi kumkuta mtu barabarani. Usiku magari hayamwoni mwendeshaji, wanyamapori hutoka, na usalama haujulikani. Kwa anayekusudia kugeuka kuelekea Lamu kupitia Gamba na Witu, tahadhari ni kubwa zaidi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi ya njia hiyo yalianza kusindikizwa na polisi, na Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na watu wakafa. Kituo cha polisi cha Garsen ndicho mahali pa kuuliza kabla ya kushika njia hiyo, na jibu la huko halijadiliwi.

Kundi linapofika mahali pa kulala, huripoti kwanza kwa chifu au mzee wa kijiji. Mara nyingi huelekezwa kwenye uwanja wa shule. Kisha kazi hugawanywa: wawili kuteka maji, wawili kupika, wawili kukarabati baiskeli, mmoja kuandika matumizi ya mfuko wa pamoja. Zamu hizo zikiandikwa siku ya kwanza huokoa safari, kwa sababu makundi mengi hayavunjwi na uchovu wa miguu bali na sufuria isiyooshwa na mia mbili isiyojulikana ilikokwenda. Chandarua hufungwa kabla ya magharibi, kwani malaria imo katika bonde lote.

Baada ya chakula hufanyika kikao kifupi. Swali lake la kwanza ni lile lile kila siku: kesho maji yako wapi?

Garsen hadi Hola

Kipande cha Garsen hadi Hola hupita jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka wa 1976 kuwalinda kima wa Mto Tana, wawili kati yao wakiwa wa aina zisizopatikana penginepo duniani. Delta nayo, iliyo upande wa chini wa mto, iliorodheshwa mwaka wa 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu. Lakini mto huu huu ulio haba wakati wa kiangazi huja kwa ghadhabu wakati wa masika na vuli. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, yale ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 hadi Mei 2024 yalifukuza maelfu ya watu na kukata barabara, ikiwamo ile ya Lamu katika Lango la Simba. Hakuna baiskeli inayopaswa kujaribu kuvuka maji yanayokwenda.

Hola yenyewe yastahili siku ya mapumziko, na si kwa ajili ya miguu pekee. Mnamo Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa na walinzi katika kambi ya hapa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulifichuliwa na kuzua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza. Msafiri aliyehesabu lita zake tangu Malindi ataelewa kwa nini maji, ambayo ni uhai, yalichaguliwa kusingiziwa kifo.

Kutoka Hola, kundi huendelea kupitia Bura hadi Madogo, ambako daraja huvusha hadi Garissa. Watakaofika watakuwa wamejifunza ratiba ambayo wenyeji wa bonde hili wanaiishi daima: kuamka mapema, kupumzika jua likiwa kali, na kutogusa maji kabla ya kumuuliza mwenyewe.