Kumbukumbu na Hifadhi Upareni

Hata kufikia miaka ya 1960, sehemu kubwa ya historia ya milima ya Upare, iliyo juu ya tambarare za Same, ilikaa vifuani mwa wazee. Isaria Kimambo aliwauliza, akayalinganisha masimulizi ya koo mbalimbali, na mwaka 1969 kitabu chake kikachapishwa. Kompyuta nayo ina ghala mbili: kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika, na diski, ambayo hudumu. Kwa hiyo programu yenye hadhari huuamuru mfumo endeshi uyateremshe maandishi hadi diskini, wala haitangazi kwamba yamehifadhiwa kabla diski haijajibu. Wazee waliofariki pasipo kuulizwa walikwenda na yao: yalikuwa yamekumbukwa, bali hayajahifadhiwa.