AJALI ZA MWANDIGA: ZINATOKEA WAPI, SAA NGAPI, NA ZINAMPATA NANI

Leo sina habari za siasa wala za mpira, nina habari za barabara. Kila ikitokea ajali hapa kwetu utasikia watu wanasema "ni mipango ya Mungu", msiba unakwisha, watu wanarudi kazini, kisha siku si nyingi mwingine anagongwa palepale. Palepale jamani! Sikatai mipango ya Mungu, lakini kitu kinachorudi mahali pamoja na saa zilezile kina sababu, na sababu inashikika.

Kwa wadau mlioko mbali: Mwandiga ni mji mdogo wa Kigoma Vijijini, kilomita kama kumi hivi ukitoka Kigoma mjini. Watu wanasema Kigoma ni mwisho wa reli, sasa sisi ndiyo njia panda ya huo mwisho wa reli. Lami inayotoka mjini ikifika hapa inagawanyika. Moja inakwenda Kidahwe, ambako unaweza kushika ya Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi, au ya Uvinza kuelekea Tabora. Nyingine inapanda milima ya Kalinzi hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, kilomita 60. Kwa hiyo karibu kila gari linaloingia au kutoka Kigoma linapita mbele ya macho yetu: mabasi ya mikoani, malori ya saruji, malori ya chakula cha wakimbizi wa Nyarugusu, na magari ya Burundi yanayofuata mzigo.

Hayo ni ya kupita. Sasa weka na yetu. Kina mama wenye ndoo za mawese kichwani, baiskeli zenye mikungu ya ndizi mpaka huoni anayesukuma, wanafunzi, vipanya vya kwenda Mwanga na Ujiji, michomoko, bajaji, na bodaboda kila kona. Barabara ni hiyohiyo moja. Dereva wa lori anaiona ni njia kuu, muuza dagaa anaiona ni uwanja wa soko. Wote wana haki ya kuwepo pale, ndiyo maana kumlaumu mmoja hakusaidii sana.

LAMI NA SPIDI

Zamani kabla ya lami, mashimo ndiyo yalikuwa trafiki wetu. Hakuna aliyeweza kukimbia. Lami imetuletea neema, mgonjwa wa Manyovu anafika mjini mapema na ndizi hazioziki njiani, sitaki mtu aseme napinga maendeleo. Lakini lami ilipofika watu walibaki na tabia za vumbi: kuanika mihogo pembeni, kusimama katikati kusalimiana, kumtuma mtoto ng'ambo kununua chumvi.

Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya mwaka 1973, inasema ndani ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mabasi na malori makubwa hata nje ya makazi mwisho ni 80. Dereva anayetoka Kidahwe na 80 yake anaingia Mwandiga bado anajiona yuko porini, maana mji wetu hauna geti. Nyumba zinaanza moja moja, halafu ghafla soko.

Kwa wale waliokimbia fizikia kidato cha pili, hesabu ni hii. Ukiwa na spidi 50 unakwenda mita kama 14 kila sekunde. Ukiona mtoto anavuka, ubongo unakula karibu sekunde nzima kabla mguu haujakanyaga breki. Ndipo breki zianze kazi. Kwenye lami kavu na breki nzima utasimama baada ya mita kama 28. Sasa chukua 80: sekunde ile ya kushtuka tu umeshakwenda mita 22, na kusimama kabisa inakaribia mita 60. Maana yake mtoto akiwa mita 30 mbele, mwenye 50 anasimama, anatukana, anaendelea na safari. Mwenye 80 anamfikia bado yuko kwenye 70. Mtu aliyegongwa na gari lenye 70 hapelekwi Maweni kutibiwa, anapelekwa kuhifadhiwa. Na hiyo ni lami kavu. Mvua zikianza Oktoba au Novemba, au lori likizidisha mzigo, ongeza mita mwenyewe.

MTEREMKO WA MANYOVU

Huu una mambo yake. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na vilima vya Kalinzi vinapita 1,400, kwa hiyo kutoka kule kuja huku ni kushuka na kona. Kuna madereva, na bodaboda ndiyo usiseme, wanaweka nyutro ili kubana mafuta. Ukiweka nyutro injini haikusaidii tena kuzuia gari, kazi yote inabebwa na breki. Breki zikisuguliwa muda mrefu zinachemka, zikichemka zinapoteza nguvu, unakanyaga mguu unazama na gari haliitiki. Wazee wa malori wana kanuni yao: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mafuta unayookoa kwa nyutro hayafiki hata bei ya supu.

SAA ZAKE

Mimi nakaa karibu na njia panda na ukikaa pale unaziona saa zenyewe bila kusoma kitabu. Asubuhi kuanzia saa 12 mpaka saa 2, wanafunzi wanavuka, vipanya vinagombea abiria na makondakta wananing'inia. Kipanya kikisimama nje ya kituo, abiria anashuka anazunguka mbele yake avuke. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anayekuja nyuma na kuovateki hamuoni mpaka amemfikia.

Halafu jioni, jua likizama mpaka saa 2 usiku. Giza limeingia lakini soko bado lina watu, baiskeli hazina taa wala kioo cha kung'aa nyuma, watu wamevaa nguo za giza, na gari linalokuja limewasha fulu laiti. Mwenye fulu laiti usoni haoni kitu, hilo kila mwendesha pikipiki analijua. Na tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, zile saa ambazo barabara ilikuwa ya walevi na mbwa peke yao sasa zina mabasi pia. Sisemi wamekosea kuruhusu. Nasema taa za barabarani zingetangulia.

ANAYEKUFA NI NANI

Basi likipinduka inakuwa taarifa ya habari nchi nzima. Bodaboda akigongwa, ni habari ya mtaa. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema dunia ilipoteza watu milioni 1.19 barabarani mwaka 2021, na asilimia 53 hawakuwa ndani ya gari. Waenda kwa miguu peke yao asilimia 23, wa pikipiki na bajaji 21. Na kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo. Inashinda malaria, inashinda Ukimwi. Hiyo ndiyo rika yetu wadau, mnaosoma hapa.

Huku kwetu bodaboda ndiyo ajira ya kijana aliyemaliza shule na hana wa kumshika mkono. Rafiki zangu niliosoma nao wengi wako kijiweni. Wengi pikipiki si zao, ni za tajiri, na kila jioni hesabu lazima iende, mvua inyeshe au isinyeshe. Mchana ukipita vibaya, jioni kijana anafidia kwa spidi na kwa mishikaki, abiria wawili au watatu kwa mpigo. Watu wanasema vijana wa boda hawana akili. Akili wanazo, wanapiga hesabu ya pesa sawasawa, tatizo hesabu yenyewe imepangwa vibaya. Tajiri angekubali hesabu ya siku ya mvua iwe nusu, nakuhakikishia spidi ingepungua bila trafiki hata mmoja.

Kuhusu helmeti: watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, matokeo yakatoka mwaka 2008, wakaona inapunguza kufa kwa asilimia kama 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Najua abiria wanavyosema, inanuka jasho, inaharibu nywele, itaniambukiza mba. Funga kitambaa au mfuko wa nailoni kichwani kwanza, yaishe. Na mkanda wa kidevuni ufungwe. Helmeti isiyofungwa inaruka kabla wewe hujafika chini.

YA GUNGU

Wengi mnakumbuka Juni 2018, pale Gungu, basi la abiria lilipogongana na treni ya mizigo asubuhi. Watu 10 walipoteza maisha. Nimeiweka hapa kwa sababu ni tofauti na za njia panda: treni ya mizigo haina namna ya kumkwepa mtu, na hata dereva wake akifunga breki inahitaji mamia ya mita kusimama. Kwa hiyo pale kwenye reli mwenye uwezo wa kuzuia ajali ni wa barabarani tu. Simama, zima redio, angalia pande zote mbili. Reli imefika Kigoma tangu 1914 lakini bado kuna watu wanaivuka kama mfereji.

HESABU ISIYOLINGANA

Hapa ndipo paliponikosesha usingizi. Mwaka 2016 takwimu za polisi zilionyesha watu 3,256 walikufa barabarani Tanzania nzima. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria mwaka huohuo likasema 16,252. Karibu mara tano! Mwaka 2024 hesabu rasmi ilikuwa ajali 1,735 na vifo 1,715, yaani inaonekana tumepunguza sana. Inawezekana tumepunguza. Lakini angalia ajali ya kijijini inavyokwenda. Baiskeli imegongwa, mwenye pikipiki anaomba yaishe, wanakubaliana hela ya dawa, hakuna polisi. Mgonjwa anapelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, mwezi mmoja mbele anafariki nyumbani. Je, ameandikwa wapi? Hayumo kwenye daftari la trafiki. Na mahali pasipo na vifo kwenye daftari hapapati tuta, hapapati taa, hapapati kivuko, kwa sababu bajeti inafuata daftari.

Ndiyo maana nasema kutoripoti ajali "kwa undugu" kunamgharimu ndugu mwingine.

KINACHOSAIDIA

Dar es Salaam shirika moja linaitwa Amend lilizunguka shule zenye ajali nyingi likaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta, njia ya miguu, alama, uzio wa kumwelekeza mtoto avukie wapi, na kuwafundisha watoto kuvuka. Walipopima, majeraha ya watoto yalipungua kwa karibu robo au zaidi, na mwaka 2019 wakapata tuzo ya kimataifa. Hakukuwa na mtambo wa ajabu.

Kwetu barabara hizi kubwa ni za TANROADS, si za halmashauri wala TARURA (hao wana zile za mitaa). Kwa hiyo kumlalamikia mwenyekiti wa kijiji kuhusu tuta ni kumuonea. Barua ipite kwa mtendaji wa kata na diwani, iende kwa meneja wa TANROADS mkoa, na itaje mahali hasa na tarehe za ajali. Barua inayosema "ajali zimezidi" inawekwa kabatini. Yenye tarehe sita za sehemu moja ni ngumu kuikalia. Na tuta likija lidaiwe rangi na kibao, maana tuta lisilo na rangi usiku linamrusha bodaboda kama jiwe la manati.

Ukikuta ajali imetokea: kwanza zuia magari yanayokuja, weka matawi mbali kidogo pande zote mbili, kisha piga 112. Damu inayotoka kwa nguvu bana na kitambaa safi, usiachie. Mtu analalamika shingo au mgongo usimvute mikono na kumpakia mshikaki, na helmeti yake usiivue kama anapumua vizuri. Usimpe maji wala soda, anaweza kuhitaji upasuaji. Na tafadhali simu za kupigia picha ziwekwe mfukoni, yule ni mtoto wa mtu.

Mwisho kuna suala la karatasi, ambalo watu wetu wanalidharau mpaka yawakute. Chukua PF3 polisi, weka risiti zote za hospitali, andika namba ya gari na ya stika ya bima. Bima ya lazima, ile ndogo wanayoita "thedi pati", ipo kwa ajili ya aliyegongwa, na ni haki yake kudai hata kama dereva ni masikini. Kampuni ya bima ikizungusha, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Bima kwa malalamiko ya namna hiyo. Namna ya kujua kama gari lina bima ya kweli au stika ya kuchapisha stesheneri, unaingia tovuti ya TIRA, unaandika namba ya gari, unaona. Ukiwa na dakika tano zimebaki kwenye kompyuta, anza na bodaboda iliyokuleta hapo mjini.

Nawasilisha.