Kitovu cha Duara Lizungukalo Pembetatu

Yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliandika kwa Kiyunani namna ya kuchora duara lipitalo katika ncha zote tatu za pembetatu yo yote. Upande mmoja hukatwa katikati kwa mstari uliosimama wima juu yake, na wa pili vivyo hivyo. Mistari hiyo ikutanapo, hapo ndipo kitovu. Kazi yote ni ya bikari na rula isiyo na alama, wala hakuna kipimo hata kimoja kinachotajwa.

Mwaka wa 1637, Mfaransa René Descartes alichapisha huko Leiden, Uholanzi, kitabu kilichoiozesha jiometri kwa aljebra. (Pierre de Fermat alikuwa na wazo hilo hilo, ila maandishi yake yalichapwa mwaka wa 1679, naye amekwisha kufa.) Tangu hapo nukta iliweza kuandikwa kwa namba mbili, na mstari kwa mlinganyo.

Ichukuliwe pembetatu yenye ncha (0,0), (6,0) na (2,4). Kitovu chatakiwa kiwe mbali sawasawa na ncha zote. Ncha mbili za kwanza zadai x iwe 3; ya kwanza na ya tatu zadai x + 2y = 5, basi y ni 1. Kitovu ni (3,1), na bikari haikuguswa.

Yaweza kulaumiwa kwamba hesabu ya namna hii hupofusha macho, na lawama hiyo si ya bure: mwanafunzi hupata jibu asijue kwa nini mstari wa tatu lazima upite papo hapo. Lakini kipofu huyo aliona jambo ambalo halimo katika maandishi ya Wayunani yaliyosalia. Leonhard Euler, katika makala iliyochapwa St. Petersburg mwaka wa 1767, alitafuta jinsi ya kuijua pembetatu ambayo nukta zake za ndani tu ndizo zilizotolewa. Njiani, kwa kuhesabu umbali baina ya nukta hizo, aligundua kwamba kitovu cha duara, nukta ya uzito na makutano ya vimo vitatu hukaa katika mstari mmoja. Katika pembetatu iliyotajwa, nukta ya uzito ni (8/3, 4/3), vimo hukutana katika (2,2), na mstari wenyewe ni x + y = 4.