Scott Ruskan

Scott Ruskan ni mwogeleaji mwokoaji wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, yaani askari anayeshushwa kutoka helikopta ili kuwaokoa watu walio hatarini majini. Alijulikana mwezi Julai 2025 kwa kusimamia uokoaji wa watu 165 wakati wa mafuriko ya jimbo la Texas.

Maisha ya awali

Ruskan anatoka mji wa Oxford, jimbo la New Jersey. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Rider, akafanya kazi ya uhasibu, kisha akajiunga na Walinzi wa Pwani mwaka 2021. Baada ya mafunzo alipangiwa kituo cha helikopta cha Corpus Christi, Texas.

Kazi ya waogeleaji waokoaji

Kikosi hiki kilianzishwa baada ya meli Marine Electric kuzama karibu na pwani ya Virginia mwezi Februari 1983. Watu 31 kati ya 34 walikufa. Helikopta ilifika, lakini wengi walikuwa wameishiwa nguvu kwa baridi, hawakuweza kuingia wenyewe kwenye kikapu cha uokoaji. Ndipo ilipoonekana kwamba ni lazima awepo mtu wa kushuka na kuwasaidia.

Mafuriko ya 2025

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025 mvua kubwa ilinyesha katika wilaya ya Kerr. Mto Guadalupe ulipanda takribani mita 8 kwa dakika 45. Zaidi ya watu 130 walikufa katika mafuriko hayo. Camp Mystic, kambi ya Kikristo ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1926 kando ya mto huo, ilipoteza watoto na walezi 27.

Uokoaji

Ruskan, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alikuwa katika operesheni yake ya kwanza ya uokoaji. Kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, safari ambayo kwa kawaida huchukua takribani saa moja iliwachukua marubani saa kadhaa. Walipofika kambini waliamua Ruskan abaki chini, ili nafasi yake ndani ya helikopta itumiwe na watoto.

Kwa muda wa saa kama tatu alikuwa mwokoaji pekee mahali hapo. Aliwatuliza watoto, akachagua nani atangulie kuondoka, akatenga viwanja viwili vya kutua helikopta, na kuwasindikiza waliokwama hadi kwenye helikopta, zikiwemo za jeshi la akiba la Texas. Kwa hiyo idadi ya 165 ni ya walioondolewa chini ya usimamizi wake kwa kutumia helikopta mbalimbali, si ya watu aliowatoa majini kwa mikono yake.

Tuzo

Ruskan alitunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross. Mwenyewe alieleza kwamba alifanya kazi yake tu, na kwamba mashujaa halisi walikuwa watoto waliokuwa kambini.